Radhi za Bi Tatu

Zuweina hakuwa mtu wa kutembea kichwa chini. Ungemwona asubuhi anatoka Konde, baibui kalipandisha kidogo lisiburuze tope, viatu vya mvua miguuni, kapu begani na jembe dogo la mpini mfupi mkononi, ungedhani anakwenda kukabidhiwa wilaya. Na cheo alikuwa nacho kweli, ingawa hakikuwa na mshahara wa kusimulia watu. Alikuwa mkaguzi wa embe mafuta. Wenzetu wa bara huyaita maparachichi, na vijana wa Konde siku hizi nao wanayaita hivyo ili waonekane wamevuka maji, lakini kwa Zuweina ni embe mafuta na mti wake ni mwembe mafuta, na ukibishana naye utachoka wewe.

Cheo chenyewe alikipata pale wakulima walipoletewa miche ya kubebeshwa, ile inayozaa ingali mifupi. Kila mwenye kijishamba kutoka Konde mpaka Shumba aliitaka. Wakaunda kikundi, na kikundi kikamtuma Zuweina kwenye mafunzo Gombani, kwa sababu alikuwa amesoma, ana mdomo, na mumewe Ashraf hakuwa mtu wa kumzuia. Akarudi na kapu la vyombo na Kiswahili cha ofisini. Kuanzia hapo watu wakamwita Bibi Shamba, naye hakumkataza mtu.

Kazi yake ilikuwa ya macho na magoti. Akifika kwa mtu hupiga hodi, akauzunguka mti mmoja mmoja, akageuza majani kutazama chini yake, akafungua chupa za mtego zilizotundikwa matawini kuona inzi wa matunda wameingia wangapi. Halafu hupiga magoti kivulini, akafukua kidogo kwa lile jembe lake mpaka akaviona vijizizi vyembamba vinavyoulisha mti. Vikiwa vyeupe, hufukia akashukuru Mungu. Vikiwa vyeusi na vinakatika ukivigusa, basi mti umeshapatwa na maradhi ya kuoza mizizi. Hayo hukaa mchangani, hupenda maji, na yakishaingia mahali hayatoki.

Kule Gombani waliambiwa jambo moja wakarejewa mpaka wakachoka nalo. Ukitoka shamba hili kwenda shamba lile, kosha viatu na kosha jembe. Sugua tope lote litoke, kisha tia maji ya dawa. Maradhi haya hayana mbawa, hubebwa na matope, na hakuna anayetembea na matope ya watu wengi kuliko mkaguzi mwenyewe. Zuweina aliondoka na dumu la dawa na brashi, na mwanzoni alikosha kweli. Mpaka siku ile kwa Mzee Talib.

Mzee Talib wa Shumba Viamboni alikuwa rafiki wa marehemu baba yake. Shamba lake ndilo lililokuwa la mwanzo katika mzunguko wa Zuweina, na kila akienda palikuwa na chai na mkate wa kumimina unamngojea, na "mwanangu" mbili tatu kabla hajaketi. Siku hiyo alimaliza kukagua, akachutama kwenye njia ya kutokea, akatoa brashi akaanza kusugua. Alisugua nyayo, akasugua jembe, akamwagia dawa mpaka harufu ikapanda barazani. Mzee Talib alimtazama kitambo, kisha akasema kwa sauti ya taratibu kabisa:

"Mwanangu Zuweina, kwani umekanyaga najisi kwangu?"

Mkewe Mzee Talib alikuwa anakuja na kikombe cha chai. Alisimama nacho pale pale.

Lazima ujue watu wenyewe. Mtu akitoka kwako akajisugua kwa brashi na dawa mbele ya macho yako, amekwambia nini? Kiatu husuguliwa namna ile kikiwa kimerambwa na mbwa. Zuweina alikuwa na majibu yote, amefundishwa mpaka na picha. Kumweleza mzee kungechukua muda wa kikombe cha chai. Lakini haya zilimjaa, uso ukamwaka moto, akacheka kicheko cha uongo na kusema, la, mzee wangu, ni mazoea tu. Akayamwaga maji yaliyobaki, akaketi, akala mkate. Wiki iliyofuata dumu alilisahau nyumbani kwa makusudi. Alijiambia atakuwa anakosha kwenye kijito, mbali na macho ya watu. Akakosha mara chache, halafu akawa anapukuta tope kwa mkono, halafu masika yakaingia, tope likawa kila mahali, na hata kupukuta akaacha.

Masika yalipokwisha, mimea ya Mzee Talib ikaanza kunyauka. Alikuwa na mti mmoja kule pembeni tangu zamani haujisikii vizuri, sasa na mingine ikaufuata. Majani yakawa madogo, yamepauka, yananing'inia hata pasipo na jua kali, na ncha za matawi zikabaki vijiti. Baada yake ikafuata ya Bi Tatu.

Huyu Bi Tatu alikuwa mjane wa Shumba Mjini, mtu mzima, anaishi peke yake, na ulimi wake ukiwaka huna pa kujificha. Ile miembe mafuta yake aliilea kwa mkono. Aliimwagilia kwa ndoo wakati wa kiangazi, aliitilia majivu ya jikoni, na ilipotoa maua mara ya kwanza alizunguka mtaa mzima kuwaambia watu waje watazame, kisha akawakataza wasitazame sana. Ilipoanza kukauka alikonda nayo.

Basi kulikuwa na harusi Shumba, wanawake wamekaa wanamenya vitunguu, na Bi Tatu akasema lililokuwa moyoni. Akasema tangu Zuweina aanze kupita, anapotazama ndipo panapokauka. Akasema yeye si mtoto, ameona mengi, na yule mwana ana jicho. Wali haujaiva, maneno yakawa yameshafika Konde.

Kuambiwa una jicho Pemba si mchezo. Mama atamfunika mwanawe kwa kanga ukipita. Mtu atakukaribisha chakula huku anaomba Mungu ukatae. Zuweina aliposikia alikaa kitandani akalia kwa hasira, tena hasira kweli, kwa sababu ni yeye aliyekuwa akipiga magoti matopeni kwa ajili ya miti ya watu. Ashraf alimwambia aachane na bibi kizee yule, maneno ya harusini hayaishi. Hakutaka kusikia. Alikwenda kwa sheha kushitaki.

Sheha akawaita wote wawili barazani kwake baada ya sala ya alasiri. Wanaume walikuwepo, Mzee Talib mmoja wao, na wanawake wamekaa upande. Zuweina alisimama akasema, na alisema vizuri, kile Kiswahili chake cha Gombani kilitoka chote. Alisema maradhi ya mimea ni elimu, si jicho. Alisema kumsingizia Muislamu mwenzio ni dhambi, na mtu mzima ndiye anayefaa kulijua hilo zaidi. Bi Tatu alikuwa ameinamia viganja vyake. Alipoulizwa ana la kusema, akasema:

"Nimekosa. Niwie radhi, mwanangu."

Sheha aliona yametosha. Zuweina hakuona. Alimgeukia yule mama, anayelingana na mama yake mzazi, akamwambia:

"Rejea, bibi. Huku nyuma hawakusikia."

Bi Tatu akarejea. Safari hii aliinua uso ili sauti ifike, na kila mtu akamwona midomo inavyomtetemeka. Zuweina alirudi Konde siku hiyo anahisi mwepesi, na usiku alilala usingizi mzuri. Hilo la kulala vizuri ndilo lililokuja kumuumiza baadaye kuliko yote.

Baada ya hapo Bi Tatu hakuonekana tena harusini wala maulidini. Zuweina akija kukagua, Bi Tatu humfungulia uzio, humwitikia salamu, kisha huenda kusimama mbali, ncha ya kanga mdomoni. Zuweina alidhani ni adabu imemwingia, na akaona sawa tu.

Aliyebaki kumsumbua alikuwa mtu mmoja, Soud. Shamba la Soud liko kati ya Mzee Talib na Bi Tatu, pale njia inapokuwa tambarare. Tangu mwanzo hakupenda macho ya watu kwenye miti yake, na lile neno la jicho lilipotoka ndipo alipofunga kabisa; Zuweina hakuwahi kukanyaga kwake. Radhi ziliombwa, watu wakanyamaza, lakini kwa Soud kila siku palikuwa na udhuru. Mara ana wageni, mara ufunguo wa komeo anao mdogo wake, mara ndiyo kwanza anatoka. Hakumvunjia heshima hata siku moja, na huko kumstahi ndiko kulikomchoma zaidi.

Zuweina akapiga hesabu yake. Maradhi yameshaingia kwa Talib, yameshaingia kwa Bi Tatu, kwa vyovyote yatakuwa yameingia na kwa Soud aliye katikati yao. Na yakionekana huko, mahali ambapo yeye hajatia mguu, basi hata yule mwenye kichwa kigumu kuliko wote atajua kwamba jicho halimo. Asubuhi moja ya kipupwe alimaliza kwa Mzee Talib, akanywa chai, akaongoza moja kwa moja mpaka kwenye uzio wa Soud. Usoni alikuwa mkaguzi. Moyoni, Mungu amsamehe, alikuwa anaomba. Aliomba kwa maneno kabisa: Ya Rabi, na hapa pawe pamekauka.

Palikuwa kijani. Majani mapana, yamekoza rangi, machipukizi mapya mekundu juu ya kila tawi, na matunda yamening'inia mawili mawili. Zuweina alitazama mti hadi mti akitafuta hata tawi moja la kumfariji. Soud akatokea, akatahayari kumkuta pale nje kama mwombaji. Hakumkaribisha ndani, ila alichukua jembe lake mwenyewe, akafukua chini ya mti uliokuwa karibu, akang'oa kijizizi akampitishia juu ya uzio. Kilikuwa cheupe.

"Usinione mbaya, Bi Zuweina," alisema. "Mtu huogopa tu."

Zuweina alikishika kile kizizi. Miche ilikuwa ile ile, imeletwa na gari moja. Mvua moja, mchanga mmoja, na maji ya pale hayatiririki kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Kilichopita kwa Talib kikapita kwa Bi Tatu bila kupita kwa Soud ni kitu gani? Akaanza kuwapitia wengine kichwani, wale waliolalamika kwamba miti imeanza kupauka, na wote walikuwa kwenye mzunguko wake, mmoja baada ya mwengine. Waliofungua mlango wameuguliwa, aliyefunga amesalimika. Macho yakamshuka yenyewe mpaka kwenye jembe lake. Lilikuwa na tope shingoni, bichi, la kwa Mzee Talib, la asubuhi ile ile. Viatu navyo vilikuwa vimepata soli ya pili. Na hapo alikuwa njiani kwenda kwa Bi Tatu.

Kumbe yule mama alikosea jina tu la maradhi. Mtu alimpata.

Hakwenda kwa Bi Tatu siku hiyo. Alirudi nyumbani kwa njia ya nyuma, ya mabondeni, asikutane na mtu wa kumwita Bibi Shamba. Ashraf alipomuuliza ana nini alimweleza yote, na ile dua akamweleza. Ashraf ni mtu mwema na alimpa ushauri wa mume anayempenda mkewe. Alisema aanze kukosha tangu kesho na anyamaze. Nani anajua? Soud mwenyewe hajui. Watu wameshasahau, radhi zimeshaombwa, ya nini kujivua nguo barazani? Zuweina alimsikiliza na akaona ana haki. Siku kadhaa aliishi na ushauri ule, akawa hawezi kula.

Kisha akaja jirani na habari kwamba Bi Tatu ameing'oa ile miti iliyokufa, amepata miche mingine, na mashimo ni yale yale, anapanda.

Zuweina alijua miche ile ingeishia wapi. Mchanga ule ungeila hata kabla haijatoa tawi. Akavaa baibui akatoka, na njiani alikuwa anajifunza neno la kusema. Alilipata. Angesema, Bi Tatu, mchanga huu una maradhi, usipande hapa. Ni kweli tupu, miche itapona, na wala haimtaji mtu. Alilisema na kulirejea mpaka likamkaa mdomoni vizuri.

Alimkuta Bi Tatu amekaa ukingoni mwa shimo, jembe pembeni, miche imepangwa kivulini. Bi Tatu alivuta kanga mdomoni kama kawaida yake. Zuweina akasalimu, akaanza na neno lake: mchanga huu. Bi Tatu akamkata.

"Mchanga hauna kosa, mwanangu. Mungu kanilipa. Nilikusingizia mbele za watu, naye akanikaushia miti yangu yote. Sasa nimetubu, labda atanipa tena."

Zuweina akakosa pa kutazama. Yule mama alikuwa amebeba dhambi ile peke yake tangu siku ya baraza, asiende kwa mtu, asitie neno, anatubia jambo la kweli. Lile neno zuri la njiani akaliacha. Alikaa chini pale pale mchangani na baibui lake, akasema yote. Alimwonyesha jembe. Alimweleza namna tope linavyobeba maradhi, namna alivyofundishwa kukosha na namna alivyoacha, kwa sababu aliona haya. Hakusema alimwonea haya nani. Akasema miti ile imekufa kwa miguu yake yeye, na kila alipokuja kuitazama ndipo alipozidi kuiua.

Bi Tatu kanga ilimtoka mdomoni, hakuirudisha. Mwisho akauliza, na hakuuliza kwa ukali:

"Sasa zile radhi nilizokuomba, nilikuomba za nini?"

Zuweina alisema amsamehe, akataka kumshika mkono. Bi Tatu akauondoa mkono wake polepole.

"Si hapa. Hapa tuko wawili."

Sheha alishangaa kumwona Zuweina anaomba baraza bila kuwa na wa kumshitaki. Watu wakakaa walewale, wakati uleule wa alasiri, na hata Soud alikuja. Zuweina alisimama mahali alipokuwa Bi Tatu siku ile. Kile Kiswahili cha Gombani hakikutokea, alisema maneno ya nyumbani, na aliyasema kwa sauti kubwa tangu mwanzo, kwa sababu alijua nyuma ni mbali. Alisema Bi Tatu hakumsingizia. Alisema ameingiza maradhi katika mashamba ya watu kwa mikono yake, na akamtaka Bi Tatu radhi, na wengine wote. Mtu mmoja aliuliza kwa nini aliacha kukosha na hali alifundishwa. Zuweina alimwona Mzee Talib amejiinamia, anazungusha tasbihi bila kuvuta punje. Akajibu kwamba ni uzembe wake.

Kina mama walimgeukia Bi Tatu kusikia atasema nini. Akasema amesikia. Hakuongeza, na Zuweina akatoka barazani uso unamwaka, watu wanampisha njia. Mabega aliyoyanyanyua miezi ile yote hayakunyanyuka tena kirahisi. Konde nzima ilikuwa nalo jambo lile mpaka lilipopatikana jengine la kusemwa, na wapo waliosema ndiyo maana, jicho lake liko miguuni. Aliwasikia akapita.

Kikundi hakikumvua ukaguzi, labda kwa kuwa hapakuwa na mwengine anayeitaka kazi. Wa kwanza kumwita alikuwa Mzee Talib, aliyekuwa ameweka karai la maji mwenyewe kwenye njia yake, na alimwonyesha kwa kidole bila kumtazama usoni. Chai ilikuwepo. Hawakulizungumza.

Kwa Bi Tatu alikwenda baadaye, baada ya ile miche kupandwa upande wa jikoni, penye mchanga ambao Zuweina hajawahi kuukanyaga. Alikuja na dumu lake na brashi yake. Bi Tatu alikuwa amesimama kwenye uzio anamngojea, ndoo chini, na kumbi la nazi mkononi, kwani brashi za dukani hazikumridhisha. Zuweina akachutama. Alisugua nyayo, akasugua kisigino, akachokoa tope la pembeni kwa kijiti, akasugua jembe mpaka shingoni, akamwagia dawa. Watu wawili watatu walikuwa wanapita njiani, wakapunguza mwendo. Alipomaliza alinyanyuka, anadondoka maji, akangoja apishwe.

Bi Tatu aliinama akatazama viatu, kimoja kimoja. Kisha akamnyooshea lile kumbi.

"Rejea, mwanangu," alisema. "Sikuona vizuri."

Zuweina akalipokea, akachutama tena, akarejea.